Tundu la Katibu

Jumanne ya tarehe kumi na tisa, mwezi wa tatu, saa tatu na robo asubuhi, kasuku wa Mzee Cheche alianguka kutoka kwenye kijiti chake kama shati lililoteleza kwenye kamba. Hakupiga kelele. Cheche mwenyewe alikuwa ameinamia fremu ya geti, kinyago cha kuchomelea usoni, na alipokiinua avute pumzi akaona kijiti kitupu. Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba ndege ametoroka, na kwa muda mfupi moyo wake ulifurahi, maana anayetoroka ana nguvu. Halafu akamwona chini, juu ya gazeti, amelala ubavu, mguu mmoja umejikunja na mwingine unacheza peke yake kama kanyagio la cherehani.

"Wewe," akamwambia. "Wewe Katibu. Inuka bwana."

Katibu hakuinuka. Jicho lake lilimtazama Cheche, likafumba, likafumbua, kama mtu aliyeulizwa jambo asilolijua.

Wiki tatu tu zilikuwa zimepita tangu ndege huyo aingie katika nyumba ile, na katika wiki tatu hizo Cheche hakuwa ameelewa kitu, si kichwa wala miguu. Kadiri alivyomtunza ndivyo ndege alivyozidi kunyong'onyea.

Cheche hakumtafuta mwenyewe. Aliletewa na shemeji yake, mdogo wa marehemu mkewe, mwanamke mwembamba wa mwili na mnene wa maneno, aliyekuwa akifagia na kupika chai katika ofisi ya idara ya maji. Meneja wa idara alikuwa amehamishwa. Siku ya kuhama likaja lori, wakapakia viti, kabati, mapazia, hata balbu zikafunguliwa. Na tundu la kasuku, tundu la kigeni lenye miguu ya kung'aa, likapakiwa pia. Ndege wakamtoa, wakamwacha juu ya meza ya mapokezi.

"Ngoja kwanza," Cheche alisema siku ile, shemeji aliposimama mlangoni na boksi lililotobolewatobolewa. "Amechukua tundu, akaacha ndege?"

"Tundu lilikuwa la bei, shemeji. Ndege alipewa bure na mkandarasi wa mabomba."

"Na huyo mkandarasi yuko wapi, aje amchukue?"

"Mahabusu."

Cheche akatikisa kichwa. "Wakubwa hao! Wanabeba kisichokula, wanatuachia kinachokula."

Akasema hataki. Akasema tena hataki. Tangu mkewe afariki, mwaka mmoja na miezi miwili, hakutaka kiumbe chochote ndani ya ukuta wake. Hata paka wa jirani alimrushia ndala. Mkewe aliondoka kwa mapafu. Ndivyo ilivyoandikwa, lakini Cheche, ambaye shule aliiacha darasa la tatu na hakuhitaji cheti ili kujua ukweli, alikuwa na maelezo yake: mashine ya hewa ilikuwapo hospitalini, imefungiwa chumbani, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mganga mkuu, na mganga mkuu alikuwa kikaoni. Hadithi hiyo alimsimulia kila aliyefika kuagiza dirisha. Wateja wa zamani walikwisha kuihifadhi, wakawa wanasema "alikuwa kikaoni" kabla yeye hajafika hapo. Na hospitali ile alikula kiapo hataikanyaga tena, hata kwa kubebwa.

Basi shemeji akafungua boksi. Kasuku wa kijivu, mkia mwekundu, akatoa kichwa, akamtazama Cheche kwa jicho la upande kama karani anavyomtazama mtu asiye na miadi, akasema kwa sauti ya mwanamke wa mapokezi, sauti ya puani kabisa:

"Yuko kikaoni. Njoo kesho."

Cheche akaduwaa. Kisha akacheka. Akacheka mpaka akashika ukuta, na kicheko kikamshtua mwenyewe, maana hakukumbuka kilimtoka lini mara ya mwisho.

"Hata wewe? Wamekufundisha hata wewe?"

"Ndiyo kazi aliyoifanya miaka sita," shemeji akasema. "Ofisini tunamwita Katibu. Kuna watu walikuwa wanageukia mlangoni, wanajua wamejibiwa na binadamu."

Hapo akakubali. Lakini aliinua kidole, kile chenye makovu ya moto. "Nisikilize vizuri. Mimi nimezika, basi. Huyu hafi mikononi mwangu. Akifa, usiniletee tena kitu kinachopumua."

"Kwani umekuwa Mungu?"

"Nimekuwa fundi. Inatosha."

Tundu alilitengeneza kwa siku nne, na mageti ya watu yakasubiri. Lilikuwa na fremu ya nondo nyembamba, mlango wenye komeo ambalo mdomo wa kasuku haungeweza kulifungua, na trei ya kuvuta chini kwa ajili ya uchafu. Kwenye waya hakutumia mabaki ya kazi yaliyolala nyuma ya choo. Alinunua wavu mpya, ule wa mabati uliochovywa zinki, unaong'aa kama kijiko cha harusi, ambao miaka ishirini hauoni kutu. Kwenye kila kiungo zinki ilikuwa imeganda katika tone dogo, na Cheche, aliyezoea kupiga tupa kila kitu mpaka kilainike, matone yale aliyaacha kwa kuwa yalimpendeza.

Shemeji alilizunguka mara mbili. "Hili si tundu. Hii ni ikulu."

"Meneja wako hana hili," Cheche akasema. "Mpigie simu. Mwambie aje aone."

Akalitundika uani, hatua mbili kutoka kwenye meza yake ya kazi. Uani kulikuwa kumekuwa kimya mno. Zamani kazi ile ilikuwa ya watu wawili, na mtu akibaki peke yake nyundo yenyewe hulia vingine. Sasa alipogonga, kuna aliyeitikia.

"Yuko kikaoni," Katibu alisema kila nyundo ilipotua.

"Na abaki huko huko!"

"Njoo kesho."

"Siji! Mwambie siji!"

Wateja wakaanza kusema mzee amepata mwenzake. Cheche alisikia, akajifanya hasikii.

Katibu naye alilipenda tundu. Alikuwa akitumia asubuhi nzima kuyabana yale matone kwa mdomo, anayapinda, anayang'oa moja moja, na Cheche alimtazama kwa raha ya fundi anayeona kazi yake inatumika. "Tafuna tu," alimwambia. "Wavu upo, mdomo unao, mwenye nyumba hajakukataza."

Wiki ya pili ndege akaanza kunywa maji kama aliyekula chumvi. Kinyesi kikawa cha kijani, majimaji. Mbegu za alizeti alizichukua, akazigeuza mdomoni, akazitema. Na maneno yakapungua. Kwanza "njoo kesho" ikapotea, ikabaki "yuko", na hiyo "yuko" ikawa inatoka taratibu, imepanda mwishoni, kama swali.

Cheche akatafuta mkosaji. Alianza sokoni, kwa muuza mbegu.

"Mbegu zako zimepigwa dawa."

"Mzee, hizi hizi nakula mimi." Muuza mbegu akachota konzi, akatafuna mbele yake na maganda yote.

"Ndiyo maana uko hivyo," Cheche akamwambia, akaondoka.

Kisha akaona ni maji. Idara ilikuwa na meneja mpya, na meneja mpya lazima aguse kitu ili ajulikane amefika; bila shaka ameongeza dawa bombani. Cheche akawa anamchemshia ndege maji, anayapoza, anayachuja kwa kitambaa. Ndege akazidi. Kisha akaona ni upepo, akaziba upande mmoja kwa gunia. Kisha akaona ni upweke. Kwa ajili ya upweke alilisogeza tundu karibu zaidi, hatua moja tu kutoka kwenye mashine ya kuchomelea, ili wafanye kazi bega kwa bega. Na kwa kuwa wiki hiyo alikuwa na agizo la mageti mawili ya mabati, walikaa pamoja kuanzia asubuhi mpaka jua linazama. Siku nyingine ikamjia kwamba labda waya umechafuka, akausugua wote kwa brashi ya chuma mpaka ukang'aa upya na vumbi lake likatua kwenye chombo cha maji. Kesho yake Katibu hakuweza kupanda kijitini mpaka ajaribu mara tatu.

"Sielewi," Cheche alimwambia shemeji. "Wallahi sielewi. Nikimfanyia kidogo ananyong'onyea, nikimfanyia kingi anazidi. Ingekuwa mashine ningeifungua nione."

"Labda anamkumbuka meneja."

"Mtu aliyemtupa?"

"Wewe hujawahi kumkumbuka mtu wa ovyo?"

Usoni Cheche alikuwa na sura ya mtu aliyehesabu skrubu za kitasa, akakifunga, kisha akaona moja imebaki mkononi.

Ndipo ikaja ile Jumanne.

Shemeji alifika mbio kutoka ofisini, aproni bado kiunoni. Wakambeba ndege na tundu lake, Cheche kashika huku na yeye kashika kule, mpaka kwa daktari wa mifugo, chumba kimoja nyuma ya ofisi ya kilimo. Nje palikuwa na mbuzi aliyefungwa kwenye nguzo na mama mmoja mwenye kuku ndani ya kikapu. Njia nzima Cheche alikuwa anapanga maneno. Alijua ataambiwa nini, na alikuwa na jibu la kumwaga. Lakini daktari, binti kijana mwenye buti za mpira, alimwona ndege, akamwomba yule mama asubiri, akasema, "Ingieni." Maneno yote yale yakabaki mdomoni mwa Cheche bila kazi.

Daktari alimfunga Katibu kwa taulo, akampa shemeji amshike. Akamsikiliza kifua, akamfungua mdomo. Akauliza chakula, akauliza maji, akauliza kinyesi. Cheche alijibu yote vizuri. Hakuna mtu aliyewahi kukijua kinyesi cha ndege kama yeye. Kisha daktari akageukia tundu.

"Hili ulinunua wapi, mzee?"

Hata katika hali ile Cheche akanyoosha mgongo. "Sikununua. Kazi ya mikono hii."

"Na waya?"

"Wa zinki, daktari. Mpya kabisa. Miaka ishirini hauoni kutu."

Daktari akapitisha ukucha kiungo kwa kiungo. "Hapa palikuwa na matone. Na hapa. Yako wapi?"

"Anayatafuna. Ndiyo mchezo wake."

Binti yule akaondoa ukucha kwenye waya. "Mzee, ndiyo hayo. Zinki kwa ndege wa aina hii ni sumu. Anayo tumboni sasa hivi, na nadhani imekwisha kuingia kwenye damu."

Cheche alisikia neno moja moja, lakini yalikataa kushikana. "Haiwezekani. Kuku wote wa mji huu wamefugwa ndani ya waya huu. Nimewatengenezea mimi mwenyewe mabanda."

"Kuku hatafuni waya."

"Basi mbona unauzwa?" Sauti ilikuwa imepanda. "Nani ameruhusu? Pale dukani pameandikwa wapi? Serikali ina watu wa kupima mizani sokoni, ina watu wa kufunga vibanda vya wenzetu, haina mtu mmoja wa kusema waya huu si wa kasuku? Mimi ningejuaje? Nani aliniambia?"

"Shemeji, mwache daktari afanye kazi."

"Namuuliza swali!"

"Unamgombeza."

Daktari alikuwa anavuta dawa kwenye sindano. "Nitamchoma leo, na kila siku mpaka Jumamosi. Abaki hapa. Sikufichi, mzee, kasuku nimewasoma tu kitabuni, sijawahi kumtibu hata mmoja. Nitampigia mwenzangu anayewajua. Anaweza kupona. Anaweza asipone."

Cheche hakuwa amewahi kumsikia mtu wa ofisi akisema jambo hajui. Hakujua afanye nini na maneno hayo. Akayashika tu, kama mtu aliyepewa mtoto wa watu.

"Tundu unalitundika wapi?" daktari akauliza.

"Uani. Hatua moja kutoka kwenye mashine, ili nimwone."

"Unachomelea akiwa hapo?"

"Tunakaa wote. Wiki hii nina mageti ya mabati."

Daktari akaiweka sindano mezani. "Ule moshi mweupe wa zinki."

"Huo huo."

"Kifua cha ndege hakihimili moshi huo kabisa, mzee. Hata wewe. Haukudhuru?"

"Mimi haunidhuru. Siku ya mabati nakunywa maziwa, glasi nzima. Bwana aliyenifundisha kazi ndivyo alivyotuzoesha. Asiyekunywa maziwa siku ya mabati, jioni yake ni homa, anatetemeka, kifua kinabana. Hilo fundi yeyote analijua."

Alisema haraka haraka, kwa namna ya mtu anayempa msomi jambo ambalo shule haikumpa, na alikuwa amekwisha kufika mwisho ndipo akasikia alichokisema. Nje mbuzi alikuwa anavuta kamba.

"Maziwa yanaenda tumboni," daktari akasema taratibu. "Moshi unaenda kifuani. Sidhani kama yanazuia kitu."

Shemeji alikuwa amemshika Katibu ndani ya taulo, na macho yake hayakuwa kwa Katibu.

Miaka ishirini na sita kazi ile ilikuwa ya watu wawili. Mkewe ndiye aliyekishika chuma upande wa pili kisicheze, amegeuza uso pembeni, mtandio kauzungusha puani, na Cheche akipiga moto alikuwa anamwambia "shika", "achia", "shika". Kulikuwa na miezi ya madirisha na miezi ya mabati. Mwaka ule walipopata kazi ya shule mpya walichomelea mabati tangu masika mpaka masika.

"Daktari." Sauti ilikuwa imemshuka mpaka shemeji akageuka. "Moshi huo. Mtu akikaa nao. Si siku moja. Miaka."

Daktari alimtazama, akamtazama na shemeji, akaelewa kwamba ameingia katika nyumba ya watu bila kubisha hodi. "Mimi ni wa ng'ombe na kuku, mzee. Siwezi kukudanganya. Hilo kawaulizeni hospitali."

Hospitali.

Walirudi kwa miguu. Cheche alikuwa amelibeba tundu tupu begani, na lilikuwa jepesi kuliko alivyokumbuka. Mwenye duka la kona akapiga kelele, "Mzee, ndege karuka?" Cheche akapita. Kichwani mwa Cheche mambo yalikuwa yanagongana kama vyuma kwenye mkokoteni. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mganga mkuu. Hilo alilishuhudia kwa macho yake, na mtu asimwambie halikuwa. Kikao kilikuwapo. Mashine ilikuwapo, mlango ulifungwa, mkewe alivuta pumzi tangu alfajiri mpaka adhuhuri kama mtu anayevuta ndoo kisimani, na hakuna mkubwa aliyetoka. Hayo yote ni kweli. Yalikuwa kweli jana, na leo pia ni kweli. Ila aligundua, wakati anavuka barabara na tundu linampiga mgongoni, kwamba hadithi yake siku zote ilianzia kwenye geti la hospitali. Hakuwahi kuianzia nyuma ya hapo. Aliyeagiza dirisha hakuwahi kumuuliza, naye hakuwahi kujiuliza, ni kitu gani kilimfikisha mwanamke mzima, mwenye nguvu za kuinua nondo, kwenye haja ya mashine ile.

Au ni vitu viwili? Mtu anaweza kuuawa na vitu viwili? Na kama ni viwili, hasira anaigawaje?

Nyumbani alilishusha tundu, asijue aliweke wapi. Alitaka kulitundika, akakumbuka. Alitaka kulitupa, akaona komeo lile alivyolipiga tupa kwa nusu siku nzima, mkono ukakataa. Mwishowe akaliacha katikati ya uani, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kinyago mapajani.

Akajaribu kukumbuka maziwa. Aliiona glasi vizuri, glasi nene ya maua, imefunikwa na kisosi. Aliuona mkono wa mkewe unaoileta. Saa nne hivi, kabla moto haujaanza kazi ya kweli. Halafu je? Mkono ule ulirudi jikoni mara moja, au ulirudi na glasi ya pili? Kuna wakati aliona glasi mbili, tena waziwazi, kisha akashuku kwamba ya pili ameitengeneza mwenyewe sasa hivi, kwa mikono hii hii, kama alivyotengeneza kila kitu. Akaifuta glasi ya pili kichwani, ikarudi.

Shemeji hakuwa ameondoka, ingawa ofisini chai ya saa sita ilikuwa inamsubiri. Alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha jiko, anazikunja kamba za aproni, anazikunjua. Wiki zote alizokuwa akija pale, hakuwahi kukaa muda mrefu namna hiyo bila utani.

"Shemeji," akaita.

"Naam."

"Sikugombezi. Dada yangu amekwenda, na kugombana hakumrudishi. Nataka kujua tu."

"Uliza."

"Siku za mabati, hayo maziwa alikuwa anakuletea yeye."

"Yeye. Kila siku."

"Sawa." Akaja mpaka pale alipokaa, akachuchumaa mbele yake ili waonane machoni. "Na wewe uliwahi kumwambia ni ya nini?"